Mpishi Aliyesusia Siagi

Mpishi wa kituo chetu cha wazee hapa ughaibuni, mtaa wa Small Heath, haonji chakula. Hukinusa tu, kisha hugonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko, nasi tunajua kimeiva. Kila sahani ya wali huiwekea ndizi pembeni, Kisomali kabisa. Mwaka huu wa 2006, Waislamu waliposusia siagi ya Denmark kwa sababu ya vibonzo vya kumkejeli Mtume, ofisa wa serikali alimfuata jikoni akamwuliza kama naye anasusia, akisema kwamba anayesusia bidhaa hatapewa tena kandarasi ya kutupikia. Nikamnong'oneza mpishi, "Mwanangu, mwambie wewe hupikia samli siku zote. Si kweli?" Akajifuta mikono kwenye leso, kidole baada ya kidole. "Ni kweli, mzee. Lakini hilo hakuniuliza." Akamwambia ofisa waziwazi kwamba amesusia, akaondoka na mwiko wake.

Tukawa tunaletewa viazi baridi na kampuni ya mbali, kwa bei ya juu zaidi, navyo vikiishia kwenye pipa la taka. Wenzangu wakaanza kubaki nyumbani. Jana nikasikia kifuniko kinagongwa. Alhamdulillahi! Nilishusha pumzi kama niliyetuliwa gunia. Sharti la kutosusia limefutwa, na ofisa mwenyewe alikuwa mezani. Mpishi akamwekea wali na ndizi. Ofisa akaimenya bila kuuliza imetoka nchi gani.