Kiti cha Mninga Nilichomtengenezea Baba Mkwe

Bora niseme mwenyewe, maana mke wangu ameshawasimulia majirani wote hapa Miyuji. Nilitengeneza kiti kwa maboksi magumu ya sabuni, tabaka juu ya tabaka, nikayabana kwa gundi na kupaka rangi ya mbao. Nilikikalia mwezi mzima na hakikutoa hata mlio. Kilichoniponza ni mdomo.

Baba mkwe alipopiga simu kwamba anakuja kutoka Gulwe kuona binti yake anaishije, nilimwambia nimemchongea kiti cha mninga kwa mikono yangu hii. Asubuhi ya ugeni, vumbi la Dodoma lilikuwa limetanda sebuleni. Kwa kiherehere cha kumpokea mkwe nikapiga deki, ndoo mbili nzima za maji, na kiti sikukisogeza hata kidogo.

"Shikamoo baba. Karibu ukalie mninga wako."

"Marahaba." Alikaa, akaegemea, akapapasa ubavu wa kiti. "Mti mzuri huu, mkwe wangu. Una ubaridi wake."

Ubaridi! Mimi mjinga nikachekelea, nikammiminia chai. Ndipo kiti kikaanza kushuka, taratibu, bila kelele, kama ng'ombe anayejilaza. Mzee akashuka nacho, kikombe mkononi, mpaka sakafuni.

Hakukasirika. Alivaa miwani, akafunua ubavu uliochanika, akanisomea kwa sauti maandishi ya kiwandani:

"Weka mahali pakavu."