Mama Alivyomwamkia Mungu

Siku hizi kanisani kwetu Kamina kuabudu kunakwenda mbio. Kinanda kinalia, vipaza sauti vinanguruma, tunamwambia Mungu mara mbili tatu kwamba yeye ni mkuu, halafu kila mtu anafungua mfuko wake wa shida: viza, mchumba, kazi. Mimi hukaa kwenye benchi langu nikinung'unika kama kizee, na labda kizee ndicho nilicho. Nalikumbuka kanisa la utoto wangu, la matofali yasiyopigwa lipu, karibu na kambi ya watu wa reli. Nalikumbuka mpaka naona wivu.

Pale, saa ya kumsifu Mungu ilikuwa ya mama yangu. Hakuna aliyempa cheo hicho, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Mchungaji akishasoma Neno, mama alikwenda mbele, akapiga magoti, akakunja viganja na kuvigonganisha polepole, makofi mazito, kama Waluba wanavyomwamkia mulopwe, mfalme wao. Kisha alianza kumtaja Mungu kwa majina ya sifa.

“Weye mwenye ulikuwaka mbele muto Lualaba ijue njia yake. Balopwe banapokezana kiti. Kiti yako, hakuna mwenye aliikalaka mbele yako. Weye mutakatifu, hakuna doa kwako.”

Kwa kila jina kanisa lilijibu, “Eyo, Vidye,” yaani ndiyo, Bwana. Hata wake za askari wa kambi ya jeshi, waliotoka pande zote za nchi na ambao Kiluba chao kilikuwa hicho tu, walijibu kwa nguvu kuliko wenyeji. Mama hakuomba kitu. Kuomba kulikuwa kazi ya mchungaji, na mchungaji alijua kungoja.

Nyumbani ilikuwa vilevile. Nikianza kuombea chakula kwa kusema, “Mungu, utupatie,” mama alinikatiza.

“Unaomba mbele ya kulamukia? Nani alikufundisha adabu ile?”

Basi tulianza upya, tukimwamkia Mungu kwanza kwa majina yote, huku bukari, ugali wetu, inapoa na sombe, kisamvu chetu, inaganda mafuta. Baba, aliyekuwa mashinisti, dereva wa treni, na aliyekuja mezani na njaa ya safari, alifungua jicho moja.

“Mama, malaika banaisha kula. Shiye tungali bado.”

Mama alijikaza asicheke, akashindwa. Kicheko chake kile ningekilipia leo chochote nilicho nacho.

Baba alikufa kwa homa akiwa safarini, huko Luena. Wenzake walimrudisha kwa treni, tukamzika. Nyumba ikajaa watu, kisha ikatulia. Mama alikoroga bukari, akapakua. Hakutaja jina hata moja la Mungu, mezani wala popote. Nilimsikiliza nikiwa na hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu: kwamba tumemzika baba, na sasa mdomo wa mama nao umefungwa kwa Mungu, na hautafunguka tena.

Jumapili iliyofuata alivaa kitenge cheusi, akatoka nasi. Shangazi, dada yake baba, alimshika mkono mlangoni mwa kanisa.

“Wifi, leo ikala tu. Mungu ataelewa. Hakuna mwenye atakuuliza.”

“Hata muntu mwenye anaenda kushitaki kwa mulopwe,” mama akamjibu, “analamukia kwanza.”

Shangazi alidhani ni methali ya kujipa moyo. Na mimi pia.

Mchungaji alipomaliza kusoma, mama akaenda mbele. Akapiga magoti na makofi, na majina yakatoka. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini hakuruka hata moja: wa kabla ya Lualaba, mwenye kiti, mtakatifu asiye na doa, asiyezeeka, asiyelala. Tulijibu “Eyo, Vidye” tukilia kwa furaha. Nilijisemea, mama yangu amerudi.

Baada ya jina la mwisho mchungaji alisimama ili aombe kama kawaida. Mama akamwinulia kiganja, akabaki magotini.

“Minaisha kukulamukia,” akasema. “Sasa nitasema neno yangu. Ulikamata bwana yangu mbele batoto yake bakomae. Minyi sielewe. Uniambie, Baba: juu ya nini?”

Shangazi alijifunika uso kwa kitenge. Mchungaji alifumba kitabu chake taratibu, akakaa. Mama hakulia wala hakurudia swali. Alingoja, uso ameuinua, kama mtu asiye na shaka kwamba aliyeulizwa yupo na amesikia. Nilikuwa nimesali tangu nijue kusema, lakini ni pale tu nilipoogopa kweli, kwa sababu niliona kwamba mbele yetu kuna Mtu.

Hatimaye alipiga makofi tena, akainuka, akaanza kurudi kinyumenyume, maana mkubwa hapewi mgongo. Macho yake yalibaki mbele, na miguu yake haikuwa ikijua inakokwenda. Nikatoka kwenye benchi, nikamshika kiuno kwa nyuma, nikamwongoza mpaka mahali pake.