Sesilia na Balbu ya Pauni Nane

Kipupwe cha mwaka tisini na nane, giza likiingia kule Wembley, ughaibuni, saa kumi jioni, Sesilia na mumewe walianza ugomvi wa taa.

Sesilia, mtunza wazee, mzaliwa wa Bukoba, hakupenda giza hata kidogo. Evodius, dereva wa basi, kila taa iliyowaka aliiona ni hela inayoungua. Umeme wao ulikuwa wa kulipia kabla, kwa ufunguo wa plastiki unaotiwa pesa dukani, kisha unachomekwa kwenye mita. Basi mke akiwasha ya koridoni, mume anapita nyuma anazima. Jumatatu moja Sesilia anarudi kutoka kazini, akajikwaa gizani kwenye baiskeli ya mtoto wao Koku, akaenda chini pu! Trei nzima ya mayai aliyobeba ikapasuka.

"Pole, Mama Koku," Evodius alisema, kicheko kikimtoka puani.

"Pole yape mayai."

Kesho yake Sesilia alipeleka ufunguo kwa Mahendra mwenye duka, Mgujarati aliyekulia Kisumu na Kiswahili kinamtiririka. Akamsimulia yaliyompata. Mahendra akatoa balbu yenye mirija iliyokunjwa kama utumbo.

"Hii inakula umeme kidogo sana, dada. Na inadumu miaka."

"Bei?"

"Pauni nane."

"Nane! Si napata za kawaida kumi na tano?"

"Unapata. Na zote zitakula umeme kama fisi."

Sesilia alisimama pale akipima. Chumbani taa huwaka kidogo tu, watu wakalala. Huko balbu ghali kiasi hicho ingezeeka bila kurudisha bei yake. Lakini koridoni, tangu alasiri hadi usiku? Akanunua moja.

Jioni wakaiwasha. Ikatoa mwanga hafifu, kama mgonjwa anayefumbua macho.

"Pauni nane, umenunua mshumaa!" Evodius alicheka mpaka akashika ukuta.

Hajamaliza kucheka, balbu ikachangamka. Korido ikang'aa, na vumbi lote la juu ya kabati likajianika.

"Kumbe tunaishi hivi?" Evodius akauliza, akaenda mwenyewe kutafuta kitambaa.

Tangu siku hiyo taa ya koridoni hakuizima tena. Pesa za kwenye ufunguo nazo zikaanza kukaa siku nyingi kidogo, wakanunua balbu ya pili, ya jikoni. Chumbani wakaacha ile ya zamani.

Pasaka, nje ya kanisa, rafiki alilalamikia gharama ya umeme. Evodius akakunja mikono kama fundi.

"Anza na taa inayowaka muda mrefu, bwana. Mimi ndivyo nilivyofanya."

Sesilia, kikombe cha chai mkononi, alimwacha aseme.