Hukumu ya Josephati juu ya Gemu Jipya

Sina neno jema kwa wanaume wazima wanaomaliza mchana wakicheza mpira kwa vidole gumba. Lakini Josephati wa Buger, fundi seremala, ninamheshimu, na sababu ni gemu hilohilo.

Kila mwaka toleo jipya la gemu la mpira likifika Karatu, vijana hawaliamini mpaka Josephati alipime. Hapokei soda ya mwenye kibanda cha gemu. Hutazama nyasi, hutazama jezi, halafu hupiga kona fupi na kumalizia kwa kichwa kwenye nguzo ya karibu. Mwaka juzi kipa alifungwa hivyo, mwaka jana vilevile. Josephati akisema "bure kabisa", kibanda hubaki na nzi.

Safari hii aliyekuwa wa kwanza kulinunua ni mzee Sairowua, aliyehamia mjini kutoka Malambo na kufungua chumba cha gemu nyuma ya duka lake. Shida ni kwamba Josephati alikuwa amepeleka posa kwa binti wa mzee huyo, Nashipai, na mzee alikuwa bado hajajibu.

Jumamosi chumba kilijaa. Sairowua alikaa mbele, fimbo magotini.

"Haya, kijana, waambie watu uzuri wake."

"Kwanza nilipime, mzee."

"Pima taratibu, shemeji," Lembris, dereva wa bodaboda, alimchokoza. "Leo kona unampigia baba mkwe!"

Watu wakacheka. Josephati alikaza macho kwenye runinga. Nyasi zilipepea vizuri. Kocha alikuwa na koti jipya. Wachezaji walilowa jasho mpaka mgongoni. Akapata kona, akaipiga nje kwa makusudi. Akapata nyingine, akarudisha mpira hadi kwa kipa wake mwenyewe.

"Hata kipa anakushangaa," Lembris alisema.

Nashipai, aliyekuwa mlangoni akipanga zamu za wachezaji, alisema bila kumtazama, "Nilidhani posa ililetwa na mtu mkweli. Kumbe nilikosea?"

Kona ya tatu Josephati aliipiga kama kawaida yake. Fupi, kichwa, nguzo ya karibu. Goli. Akairudia. Goli. Kipa aliruka upande usio na mpira, tena kwa bidii.

Josephati aliweka padi ya kuchezea mezani, akasimama. "Mzee, hili ni lile la mwaka jana. Wamelivalisha koti tu."

Hata Lembris alinyamaza, jambo ambalo madereva wenzake hawajaliamini hadi leo.

"Ukashindwa kuniambia kabla sijanunua?"

"Lilikuwa halijafika mjini. Ningelisema bila kulipima, ningekuwa mwongo."

"Umekiua chumba changu mbele ya macho yangu, tena umesimama wima, hutetemeki."

"Natetemeka, mzee."

Sairowua alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa sauti. "Anatetemeka na bado anasema!" aliwaambia watu. Akamgeukia. "Posa nimeikubali. Ila siku utakayoleta ng'ombe wa mahari, nitawakagua mwenyewe. Meno, kwato, macho. Na kasoro nitazitaja hadharani, kama ulivyonitendea."

"Sawa, mzee."

Josephati alitoka nje haraka kumpigia simu baba yake, aliyekwisha kuchagua ng'ombe wote, amwambie yule mtamba mwenye chongo abaki zizini.