Shaba Ilipotua Kwanza

Mwalimu wetu wa kemia pale Ifakara alikuwa mama wa Kipogoro mwenye sauti nzito na kicheko cha karibu. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Umeme wa shule haukutegemeka, kwa hiyo siku ya somo la elektrolisisi aliazima betri ya trekta kwa jirani yake. Akayeyusha mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba, kwenye bilauri ya maji, akatumbukiza kipande cha shaba na kijiti cheusi cha kaboni alichokitoa kwenye betri kuukuu ya tochi. Akaviunga kwa nyaya kwenye betri ya trekta, na punde kijiti kikaanza kuwa chekundu. Darasa zima tulisimama.

"Mwalimu, shaba inatua wapi kwanza?" niliuliza.

"Kote kwa pamoja, kama rangi ukutani." Kisha akakitazama tena kile kijiti. "Kusema kweli sijui, mwanangu. Ukijua, uje unieleze."

Miaka ikapita. Nikamaliza chuo Dar es Salaam, nikapata nafasi ya kusoma Ujerumani. Huko nilikuta hadubini isiyotumia mwanga. Ncha yake nyembamba ilipapasa uso wa metali ndani ya maji yenye mrututu, na kompyuta ikachora picha mstari kwa mstari. Mashine ilining'inia kwa kamba za mpira, maana hata hatua za mtu ukumbini ziliivuruga picha.

Siku moja, nje theluji ikianguka, nilikuwa natazama kipande cha dhahabu kidogo kama ukucha. Kwenye kioo cha kompyuta ilionekana ngazi pana, kila kipandio unene wa atomu moja. Nikapunguza volti taratibu. Ghafla kingo za ngazi zikaota vinundu: shaba ilikuwa inatua.

"Ile pale!" nilipiga kelele kwa Kiswahili, na hapakuwa na wa kuniitikia. Nilitamani nyumbani siku ile kuliko siku zote.

Likizo ilipofika nilirudi na picha ile. Basi lilikwama kwenye tope karibu na Mkula, nikafika nimechoka. Mama aliitazama akaguna, "Umekwenda Ulaya kuangalia kutu?"

Kesho yake nikaenda shuleni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo?"

Nikampa picha, nikamwambia ngazi ni dhahabu na vinundu ni shaba. Akavaa miwani, akasogea dirishani.

"Kumbe inaanzia kingoni!" Akacheka mpaka akafuta machozi. "Na mimi nimewaambia watoto kama rangi ukutani!" Halafu akaisogeza picha karibu na macho. "Ukiitoa hiyo shaba, dhahabu inabaki vilevile?"

"Hapana. Ikikaa sana inajichanganya nayo. Ukiitoa, inaacha vishimo."

"Basi hivyo vishimo ndivyo ningependa kuviona."

Tukakaa ofisini kwake tukizungumza, wanafunzi wakapiga deki madarasa, wakaenda zao, nasi tungali palepale. Mwaka uliofuata alistaafu, akaenda kulima mpunga Mchombe. Nimeeleza kazi ile kwenye kumbi nyingi tangu hapo. Sijapata tena msikilizaji kama yule.