Kuku wa Mama na Vifaranga Wapiga Filimbi

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye mpunga wa Sange, hakuna aliyehitaji saa. Jioni bata wa mwitu walitoka upande wa mto Ruzizi kuja kula mashambani, wakapita juu yetu kundi zima wakipiga filimbi, swi-swi-swiyuu, nasi tukajua bugali iko tayari na ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, wanatoa mvuke. Uso mweupe kama wamechovya kichwa kwenye unga wa muhogo, shingo wima kama mwalimu anayekagua kucha. Na wanapendana wale! Dume na jike huchokorana manyoya ya shingo, tena mayai wanaatamia kwa zamu. Mama alikuwa akimwonyesha baba: "Angalia, mume iko vile." Baba anajifanya hasikii.

Siku moja nikilinda mpunga, niliona kiota chao kwenye nyasi za tuta, mayai kumi. Wazee walitufundisha kiota hakimalizwi, basi nilichukua sita. Kujisifu nilizaliwa nako. Nikamwambia Bahati, mtoto wa shangazi, kwamba bata watatotolewa kwetu.

"Weye muongo! Bata ya pori itoke chini ya kuku?"

"Isipotoka, uniite muongo mbele ya kalasi yote."

Kuku mwekundu wa mama, yule mmoja tu aliyekuwa naye, alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuatamia. Nikatoa mayai yake sita, nikaweka yangu. Yale ya kuku tulichemsha na Bahati ndani ya kopo la maziwa, tukala matatu matatu.

Lakini miye, fundi wa kila kitu, sikujua kwamba kuku hungoja wiki tatu, bata wa mwitu karibu mwezi. Wiki ya tatu ilipopita, mama aliweka yai sikioni. "Yameoza haya. Nayatupa, na kuku anaingia chunguni."

Nikaungama yote, ila Bahati sikumtaja. Nilisema nimekula peke yangu. Mama alishika mwiko, akaniangalia kutoka kichwani mpaka miguuni, akaurudisha.

"Nangoja mpaka Jumapili. Yasipototoka, mwanangu, utajua mimi ni nani."

Sijawahi kusali vile tena. Kila asubuhi nilipiga magoti, siyo kwa Mungu tu, hata kwa kuku, asichoke.

Jumapili tumekwisha vaa za kanisani, kikapuni mwa kuku kukasikika sauti nyembamba, swi, swi. Watano! Midomo bapa, madoadoa ya manjano. Mama akaweka Biblia chini, kanisa likaanza bila sisi. Kuku alipowatoa nje, wakaenda moja kwa moja mferejini, chubwi! Maskini mama yao akakimbia ukingoni akipiga kelele kama ameona nyumba inaungua. Mama alicheka mpaka kitenge kikafunguka. Bahati alisimama mdomo wazi, akasema tu, "Weye iko na dawa."

Mabawa yalipokomaa, jioni moja kundi lilipita, watano wetu wakaitikia, wakapaa. Nililia. Mama akanipangusa pua: "Kulea si kufunga kamba."

Leo mimi niliyeacha shule kalasi ya tatu niko na mashine mbili za kukoboa mpunga, na nikipita Uvira watu wananiita patron, bosi. Watoto wangu bata wanamjua ndani ya telefoni. Wanabonyeza, anapiga filimbi, wanaenda kwa kitu kingine. Hawajawahi kumsubiri mtu atoke kwenye yai.

Juzi nilimpeleka mama shambani Sange. Amezeeka, lakini filimbi zilipoanza juu aliondoa kitambaa cha kichwa sikioni.

"Sikia, wajukuu ya kuku yangu." Akanigeukia: "Na yale mayai sita, kweli ulikula peke yako?"

"Peke yangu, mama."

"Muongo."

Enzi zile jina hilo lilininyima usingizi. Sasa duniani amebaki mmoja tu anayeweza kuniita hivyo, na namwomba Mungu mama aniite hivyo miaka mingi.