Chupa Mbili za Maji ya Mtungini

Wanangu wameniomba nisiyaandike haya. Wanasema yamepita, na waliohusika wengi wameshazikwa. Mimi naandika. Aibu ni yangu, si yao, na nimeibeba muda mrefu wa kutosha kujua uzito wake.

Babu yangu alichimba kisima katika kichochoro chetu, Mji wa Kale, akakiweka wakfu: ateke atakaye, wala asiulizwe dini wala kabila. Katika miaka ya tisini wasimamizi wa wakfu huo tulikuwa wawili, mimi na binamu yangu. Siku za kazi nilikuwa karani wa bohari bandarini. Nilimaliza sekondari, naandika hati nzuri, na kila barua ya kisima niliiandika mimi. Mabomba wakati ule yalitoa upepo kuliko maji, kwa hiyo foleni ya ndoo mlangoni pa kisima ilianza baada tu ya sala ya alfajiri. Wenyeji walikuwapo, na watu wa bara wanaofanya kazi reli na bandarini, na kina mama wa Kimijikenda wanaofua nguo za watu. Nikipita hapo naamkiwa kama sultani. Nilipenda. Sikatai.

Ndipo akaja binti mmoja wa chuo kikuu, mtu wa bara, amepanga chumba Buxton. Alikuwa akifanya utafiti wa maji ya kisiwa. Kabla ya hapo alisomea mito, akaniambia kwao mto ukiugua unauona: samaki wanaelea, vyura wananyamaza.

"Hapa hatuna mto, mwanangu," nikamwambia.

"Mnao, mzee. Uko chini ya miguu yenu." Akagonga ukuta wa matumbawe kwa kidole. "Jiwe hili lina matundu kama sponji. Maji ya visima na maji ya vyoo yanatembea humo pamoja, mpaka yanatokea mikokoni kule Makupa. Kaa na samaki wadogo wa kule wanakunywa mnayoyamwaga huku."

Nilicheka. Lakini yeye alipima. Chupa ya kwanza aliijaza mwenyewe, na baada ya siku kadhaa akaja akanivuta kando ili watu wasisikie. Maji yalikuwa na vijidudu vya kinyesi. Akasema bado ni mapema kutangaza, lazima apime mara tatu.

"Na shimo la choo lililo karibu zaidi ni lipi, mzee?"

Lilikuwa langu. Nililichimba mwenyewe nilipoongeza vyumba vya wapangaji, hatua kumi na mbili kutoka kisimani. Nikamwuliza atarudi lini kupima.

Mara ya pili alikuwa na kazi Kibarani, na ilimbidi awahi maji yakiwa yamekupwa. Akaniachia chupa mbili za kioo, vifuniko vimefungwa kwa karatasi, akanifundisha: usizisuuze, usiguse midomo yake, teka kabla ya watu kuanza kuteka. Aliniamini kwa sababu nilikuwa mzee wa heshima, mwenye kalamu mfukoni.

Nyumbani kwangu maji ya kunywa tulikuwa tukiyachemsha. Nataka msomaji alione hili vizuri. Mke wangu alianza zamani kwa ajili ya wajukuu, kimya kimya, nami nilijua. Yakipoa huyatia mtungini, na mtungi kwetu hautiwi maji hivi hivi. Unafukizwa ubani kwanza, unafunikwa juu ya chetezo mpaka moshi uingie udongoni, ili mgeni akipewa kata ya maji anuse heshima yake. Alfajiri ile nilisimama na chupa mbili mkononi, nikaona ni jina la babu yangu ndilo linalopelekwa maabara kupimwa. Sikwenda kisimani. Nilizijaza mtungini.

Binti aliporudi na karatasi alikuwa amekunja uso. Maji yalikuwa safi kabisa.

"Lakini mzee, yalikuwa yananuka moshi."

"Hiyo ndiyo harufu ya Mji wa Kale," nikamjibu.

Akacheka kwa adabu. Akaniomba nisimwonyeshe mtu karatasi ile mpaka apime mara ya tatu. Jioni ileile nilikwenda nayo barazani, nikaisoma kwa sauti, nikaapa kuwa ni maji ya kisima. Maana uvumi ulikuwa umeanza, na baadhi ya watu walikuwa wakichemsha. Mmoja wao ni dada yangu mjane, nyumba yake ukuta kwa ukuta na yangu. Alinisikia akiwa dirishani.

"Basi mimi nimepumzika na mafuta ya taa ya kuchemshia," akasema. "Ndugu yangu hawezi kuapa uwongo."

Baada ya wiki chache alilala na homa. Tulidhani malaria. Hospitali wakasema homa ya matumbo. Nywele zilimtoka, akawa mwepesi nikimwinua kama mkeka. Siku aliponitambua niliinama nikamwambia yote, ya chupa na ya mtungi. Akaniuliza:

"Kwako mulikuwa mukichemsha?"

"Tulikuwa tukichemsha."

Akageuza uso ukutani. Alipona, akaishi miaka mingine mingi, tukazungumza na kucheka harusini. Lakini hakunywa tena maji kutoka mkononi mwangu mpaka alipokufa.

Binti nilimwendea Buxton mwenyewe. Hakunipigia kelele. Alisema, "Umeniharibia kazi ya miezi, mzee. Na ungeniambia tu unaogopa, ningekuelewa." Tukarudi pamoja kisimani. Nikateka mbele ya foleni nzima, yeye akajaza chupa. Majibu yakawa yaleyale ya kwanza, tena mabaya zaidi.

Nikaenda barazani. Nikasimama mahali palepale nilipoapia, nikawaambia nilidanganya. Nilidhani watanitukana kwa uwongo. Walinitukana kwa kusema kweli.

"Yakhe, umemvua babu yetu nguo kaburini," akasema binamu yangu. "Kila nyumba hapa ina choo. Sasa wataka sote tubomoe?"

"Nimeanza na langu."

"Mzee mzima unaendeshwa na kitoto cha bara!" mwingine akadakia. "Mwambie apime na bahari basi, uone kama haina chumvi!"

Walicheka. Niliwaacha wacheke. Nilikwisha fukia shimo langu, na wapangaji walikwisha hama. Asubuhi iliyofuata nilichukua rangi nyekundu nikaandika juu ya mlango wa kisima, kwa ile hati yangu nzuri: MAJI YA KUFULIA. UKITAKA KUNYWA, CHEMSHA. Sikukifunga, maana watu wangefulia nini? Binamu yangu akapaka chokaa juu ya maandishi. Nikaandika tena. Akapaka tena. Mara ya tatu wazee wa baraza wakakutana, wakanivua usimamizi, wakanitaka nitie saini kwamba nimekubali. Nilitia saini kwamba nimesoma. Kukubali sikukubali.

Walipochoka na chokaa wakauficha mlango kwa turubai. Basi nikaleta kiti. Kila alfajiri kabla ya kwenda bandarini nilikaa pale, na kila aliyefika na ndoo nilimwuliza: ya kufulia au ya kunywa? Anayesema ya kunywa nilimweleza kilichompata dada yangu, na nani aliyemdanganya. Wengine waliniona nimerukwa na akili. Mama mmoja mfuaji, mtu wa Kaloleni, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda akarudi na wenzake watatu, akanilazimisha niwasimulie upya.

Binamu yangu alikuwa akipita kwenda dukani, bakora mkononi.

"We bwana, huoni haya? Kila siku kujitangaza mwongo mbele ya watu! Utakaa hapo mpaka lini?"

"Kwako munachemsha?" nikamwuliza.

Akatazama huku na huku kama kuna aliyesikia.

"Basi," nikamwambia, "nitakaa mpaka hilo uliseme kwa sauti."